Roswitha na Njia ya Jabali la Mtawa

Roswitha Dettmers ameitunza njia ya Jabali la Mtawa kwa miaka ishirini na miwili. Ukifika pale juu unaliona bwawa letu la Krummbach lote, kuanzia ukuta wa zege hadi maji yanapoingia msituni. Kazi hiyo haina mshahara. Chama chetu cha watembeaji kilimpa kopo la rangi ya buluu, brashi mbili na mkasi mkubwa wa kukatia matawi, kikamwambia njia hii ni yako. Naye akaiona yake kweli. Ukitupa ganda la ndizi kule, ni kama umemtupia sebuleni.

Njia yenyewe ni rahisi. Kuna kamlima kadogo mwanzoni, halafu unatembea msituni ukifuata pembetatu za buluu alizopaka Roswitha kwenye miti. Ndiyo maana kaka yake, Eckart, alipopiga simu kutoka Bremen mwezi wa tisa, Roswitha hakuona tatizo lolote.

"Daktari kaniambia nitembee," alisema Eckart, ambaye alikuwa amepasuliwa moyo majira ya kuchipua. "Nataka kuliona bwawa. Baba alimwaga zege la ule ukuta kwa mikono yake, na mimi sijapanda pale tangu nioe."

Kwa miaka arobaini Eckart alikuwa anakuja kwetu kwenye mazishi tu. Roswitha alifurahi mpaka akaja kunigongea mlango kunieleza. Akaoka keki ya plamu, akatandika kitanda cha chumba cha juu, akaisubiri Jumamosi kama mtoto.

Ugomvi ulianzia pale pale maegeshoni. Eckart alishuka kwenye gari la dada yake, akatoa simu.

"Hapa inasema tutatembea kwa saa moja na dakika arobaini."

"Inasema nani?"

"Simu."

"Hiyo simu imewahi kupanda huko?"

"Rosi, usianze."

Eckart ni mkubwa wake kwa miaka minne, na alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara maisha yake yote. Hakuweza kuinyamazia njia ya mtu mwingine. Mtaro huu mwembamba, mvua ikija utaziba. Benchi hili limegeuzwa vibaya, mtu anatazama vichaka. Alama ni nyingi mno hapa, pale hakuna hata moja. Roswitha alijibu mara mbili tatu, kisha akakaza mwendo.

"Unakimbizwa na nani?" Eckart akamwita kwa nyuma, anahema. "Mimi ni mgonjwa, ujue!"

"Mgonjwa wa mdomo."

Walipofika kwenye benchi la pili, Eckart alikaa akashika magoti. Uso ulikuwa umemwiva lakini macho yalikuwa ya kichokozi. Akazima simu, akaitia mfukoni.

"Haya, wewe tangulia. Mimi napumzika kidogo, nakuja taratibu. Nitafuata alama zako tu. Tuone kazi ya miaka ishirini na miwili."

"Hata kipofu anafika," alisema Roswitha, akaondoka bila kugeuka.

Aliniambia baadaye kwamba alipanda sehemu iliyobaki akiongea peke yake, na kwamba maneno mengine hayawezi kurudiwa. Kule jabalini hewa ilikuwa safi na bwawa lilikuwa limetulia. Maji yalikuwa yamepungua kwa kiangazi, na barabara ya zamani, iliyozama bwawa lilipojengwa, ikionekana pembeni kama mstari mweupe. Watu walikuwa wengi, kundi moja la kutoka Hannover likicheka na kupigana picha. Akatandika kitambaa, akaikata keki, akasubiri.

Dakika ishirini zikapita. Mwanzoni alisema moyoni, acha atambae. Zilipofika arobaini alipiga simu, ikawa imezimwa. Hapo ndipo hasira ilipomtoka yote kwa mara moja, akabaki na ule moyo uliopasuliwa akilini. Akaiacha keki kwa watu wa Hannover, akashuka nusu anakimbia.

Benchi lilikuwa tupu. Akarudi tena juu, polepole, akitazama kila upande, hadi pale njia inapokutana na barabara ya matrekta. Wakata miti walikuwa wameacha magogo hapo tangu mwezi wa nane, walipoangusha misonobari iliyoliwa na wadudu. Gogo la juu kabisa lilikuwa na pembetatu ya buluu, rangi yake, mkono wake, na ncha ilielekea kwenye ile barabara ya matrekta.

Haikuwa mara yake ya kwanza kuliona gogo hilo. Alikuwa amelipita mara mbili mwezi uliotangulia. Aliwaandikia watu wa ofisi ya misitu barua mbili: ninyi ndio mlioukata mti wenye alama, ninyi ndio mligeuze gogo upande wa pili. Hawakujibu. Angeweza kuikwangua ile rangi kwa dakika tano, kikwanguo alikuwa nacho mkobani. Hakuikwangua, kwa sababu haikuwa kazi yake.

Alifuata makovu ya magurudumu kwenye matope. Barabara ile inakwenda chini ya jabali kisha inakufa kwenye vichaka vya miiba, na hapo ndipo alipomkuta Eckart. Alikuwa amekaa kwenye kisiki, matope hadi magotini, suruali imechanika, mkono mmoja kifuani.

"Eckart! Unaumwa?"

"Nimechoka. Nimechoka tu." Akavuta pumzi. "Alama zako, Rosi! Nilifuata alama zako!"

"Najua."

"Ilikuwepo, ya buluu, imeelekea huku! Nikasema, huyu dada yangu atanicheka nikirudi nyuma."

"Nimesema najua!"

Alimfokea kaka yake hivyo, mgonjwa, kwa kosa alilolifanya yeye, na hilo ndilo linalomuuma hadi leo. Kisha akampa kahawa ya kwenye chupa. Eckart hakuweza kupanda tena. Wakarudi kwa barabara ya matrekta, wakashuka nayo upande wake mwingine hadi kwenye gari, Eckart ameshikwa kiwiko. Huko chini huoni hata tone la bwawa.

Jioni Eckart alikunywa supu ya njegere kidogo, akalala saa kumi na mbili. Kesho yake, wakiwa kituoni wanasubiri treni, akauliza:

"Nilikuwa nimebakiza mbali?"

"Mbali sana," alisema Roswitha.

"Maana nilikuwa nasikia watu wanacheka juu yangu."

"Hao walikuwa ng'ambo ya bwawa. Sauti inazunguka kule."

Walikuwa juu yake kabisa. Ni mita mia tu za kupanda. Roswitha aliniambia haya Jumatatu, amesimama mlangoni kwangu na rangi kwenye kucha, ametoka kulikwangua lile gogo. Nilimkaribisha ndani akakataa. "Ningekaa naye pale kwenye benchi," alisema. "Dakika kumi tu. Kilinishinda nini?"

Ijumaa Eckart alipiga simu. Daktari alikuwa amempima, moyo haujambo, na amenunua viatu vipya.

"Nakuja wiki ya pili ya Mei."

"Wiki hiyo kuna mkutano wa chama."

"Basi utaukosa."

"Huwezi kuchagua wiki nyingine? Lazima iwe hiyo hiyo?"

"Lazima."

Roswitha alikata simu amenuna, akaenda kwenye kalenda ya jikoni, akaufuta mkutano.