Mlinzi wa Lango Ana Miaka Ishirini

Hapana, hana arobaini. Ana ishirini! Nimeshasema na nitarudia mpaka sauti ikauke, na wewe unayecheka, hebu nyamaza kwanza unisikilize.

Dada yangu anaandika hadithi. Anaishi Muleba na bibi yetu, analima, na jua likiwa kali anakaa kwenye migomba na daftari lake. Hadithi yenyewe ni ya ufalme uliojengwa juu ya mgongo wa kobe. Kuna wachawi, kuna mto unaopanda mlima. Na kuna mlinzi wa lango, mtu mbaya wa kurasa tatu tu: anawauzia maadui ufunguo, anakufa, kwisha. Huyo ndiye aliyeniharibia wiki nzima.

Mimi nakaa mjini, Bilele, kwa hiyo kazi ya kupeleka daftari Miembeni likachapwe ni yangu. Mchapaji wa pale si mtu wa huku, kahamia juzi tu. Alipofika kwa mlinzi akasimamisha vidole, akawaita wateja.

"Jamani njooni! Mlinzi anasema amekula maharage mapya mara arobaini. Mama yake, mpishi wa mfalme, ana miaka thelathini na sita. Mtoto kamzidi mama!"

Wakacheka wote, hata mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti. Jamaa hakutosheka. Akapiga picha ule ukurasa, akamtumia dada. Dada akanijibu mimi: "Lirudishe daftari. Nitaliwashia moto."

Nikamgeukia mchapaji. "Kaka, kwenu mnavuna maharage mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja. Si mvua ni moja?"

"Kwetu mvua mbili, mavuno mawili! Arobaini gawa kwa mbili ni ngapi? Mama alimzaa akiwa na miaka kumi na sita. Chapa!"

"Sasa mbona mama kahesabiwa kwa miaka?"

"Kwa sababu yuko kwa mfalme, wanaandika vitabuni! Mtoto kalelewa na bibi yake shambani!"

Hayo sikuyasoma popote, yalinikuta. Bibi ndiye aliyenipeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Alipoulizwa umri wangu akasema nimekula maharage mapya mara kumi na nne. Mwalimu alikuwa mgeni, akaandika miaka kumi na nne. Halafu akaniangalia juu mpaka chini, akamwambia bibi nimedumaa, anipe maziwa. Nilikuwa na saba! Mwaka mzima darasa liliniita babu.

Mchapaji akakuna kichwa. "Sawa, nimeelewa. Lakini msomaji wa mbali hataelewa. Mwambie aandike miaka ishirini, yaishe."

Yaishe! Kesho yake nikaenda Muleba, daftari nimelificha ndani ya shati kama mwizi. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Nikawaeleza yeye na dada kila kitu kwa kelele. Bibi ndiye aliyejibu, hata kisu hakukiweka chini.

"Waitu, mjukuu wangu, huyo mlinzi kakuzidi wewe maharage mawili tu. Ndiyo maana ana akili kama zako."

Dada akacheka. Moto ukasahauliwa. Lakini akafungua ule ukurasa, akaweka kalamu juu ya maharage.

"Nikikata, wanaelewa wote. Nisipokata, watacheka tena, na wewe hutakuwepo kila duka kupigana nao."

"Usiguse! Ukigusa naondoka na daftari!"

"Wewe maoni yako siyataki," akasema. "Hata ningeandika ujinga ungenitetea. Nitafutie mtu asiye ndugu yangu, umuulize."

Nimemaliza. Wewe si ndugu yake, na kalamu bado kaishika. Akate au asikate?