Mbono Nilizompikia Kabula

Msimu wa karanga, nyumba yetu karibu na Masumbwe ilinukia kikaango tangu asubuhi. Mama alikaanga, akapepeta maganda mekundu, akatwanga, nasi tukaramba mwiko. Mwaka huo Kabula, binti wa mama mdogo, alikaa kwetu likizo nzima. Tulikuwa na miaka saba, na mchezo wetu mkubwa ulikuwa kupika kama Mama. Karanga za kweli tulikatazwa kuchezea, basi nikachuma matunda ya mibono iliyopandwa kuzunguka bustani ya mchicha ili mbuzi wasiingie, nikatoa mbegu nyeusi, nikazimenya. Ndani zilikuwa nyeupe, za kupendeza. Nilimwandalia Kabula juu ya jani, naye akala tatu, akasifu utamu wake. Mimi sikula. Nilikuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba humngoja mgeni ashibe.

Kabla jua halijatua, Kabula alikuwa akitapika na kuharisha mpaka macho yameingia ndani. Mama aliuliza tumekula nini. Nikaogopa fimbo, nikasema tulikunywa maziwa kwa Mama Shija, jirani yetu, na hilo lilikuwa kweli. Mama Shija alikuwa amesimama palepale. Alisema kwa sauti ndogo kwamba maziwa hayohayo amewapa wanawe, nao ni wazima. Yeye ndiye aliyetuitia bodaboda.

Kwenye zahanati, muuguzi aliuliza swali lilelile. Nikamtazama Kabula alivyolegea mapajani mwa Mama.

"Mimi ndiye niliyempikia mbono," nikasema.

Mama hakunipiga. Kabula alitundikiwa dripu, na kesho yake asubuhi akaomba uji. Tuliporudi, Mama alinipeleka kwa Mama Shija. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikasema nilimsingizia.

"Marahaba," akajibu. "Kaa, unywe maziwa."

Jioni hiyo Mama alituzungusha bustani nzima, akatuonyesha mbono, mnyaa ambao utomvu wake huunguza macho, na mbarika wenye mbegu za sumu nyuma ya choo. Hakukata hata mmoja, maana mbuzi walikuwa bado wapo.

Leo naishi Geita mjini, na baraza langu limejaa maua ya vyungu. Nilipomuuliza muuzaji jina la lile lenye majani mapana yenye madoadoa, alisema ni ua la ndani tu, linapendeza sebuleni. Nina maji ya bomba na sakafu ya vigae, nami nashukuru. Lakini Mama, aliyeishia darasa la nne, aliujua kila mmea wa kwake, na ubaya wake. Hilo la madoadoa nimelipandisha juu ya kabati, wasikofika wanangu, mpaka nipate wa kuniambia ni nini.