Mtani wa Bibi Mwigizaji

Wivu wangu kwa yule bibi wa Kiingereza ulianza kabla hata hajaitikia shikamoo yangu. Alikuwa ameketi barazani kwa binti yake, huko Mikumi, mguu mmoja juu ya kigoda, fimbo pembeni. Alipogeuza shingo kunitazama, niliona kwamba mwanamke huyu ametazamwa na watu maisha yake yote na amezoea. Mimi nilikuwa nimeigiza miaka kumi na mitano katika kikundi chetu cha Kilosa. Nimekuwa mama wa mtoto mwenye malaria, mke wa mlevi, mwanakijiji asiye na choo. Watu wa Msowero hadi leo wakinikuta sokoni hunipa pole kwa ajili ya yule mlevi. Lakini hakuna aliyewahi kukata tiketi kuja kuniona mimi.

Binti yake alikuwa mtafiti wa tembo hifadhini, na ndiye aliyekiomba kikundi chetu kitayarishe mchezo mmoja, mama yake akiuongoza, maana bibi alikuwa amechoka kukaa bure. Kwa kuwa nafundisha Kiingereza shule ya msingi, nikawa mkalimani. Kila Jumamosi tulipanda basi la asubuhi kutoka Kilosa, tukafanya mazoezi, na wakati wa chai bibi alitusimulia maisha yake huku mimi nikitafsiri.

Alizaliwa juu ya bucha la baba yake, katika mji mdogo ambao, kwa maelezo yake, mvua haikatiki. Akiwa na miaka kumi na sita alipata kazi ya kufagia ukumbi wa maigizo, na kwa kufagia huko akayajua maneno ya kila mchezo. Wakamfanya mwigizaji wa akiba: anakariri sehemu ya mwigizaji mkubwa, anakaa nyuma ya pazia, akisubiri mwenzake augue. Alisubiri miaka sita. Kila jioni, alituambia bila aibu, alikuwa akimwombea mwenzake mafua. Siku moja mwenzake akateguka mguu kwenye ngazi, bibi akaingia jukwaani, na ufagio hakuushika tena. Akawa malkia, akawa muuaji, akawa kichaa. Akaolewa na fundi wa taa za jukwaani kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyejua ni upande gani wa uso wake uliokuwa mzuri. Kisha uzee ukaja. Wanaume wa rika lake waliendelea kupewa ufalme hata meno yakiwa yamekwisha, yeye akapewa sinia la chai, aliingize jukwaani, atoke.

Niliyatafsiri yote hayo kwa sauti nzuri, na roho inaniuma. Hata lile sinia la chai nililionea wivu.

Katika kikundi alikuwamo jirani yangu wa pale Magomeni, Kilosa, mwanamke mzaliwa wa Zombo, ambaye kazi yake ilikuwa kutubebea mavazi. Kuigiza jukwaani hakuwahi. Ila watu wao na watu wetu ni watani tangu enzi za mababu, na msiba ukitokea upande wetu yeye huja mapema, huvaa koti la marehemu, huiga mwendo wake, kikohozi chake na ubahili wake, hadi wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Sisi tuliliona hilo ni jambo la msibani tu. Bibi aliposikia akataka kuona.

Basi mtani akainuka akamwiga bibi mwenyewe: fimbo, shingo, na jinsi anavyosema marahaba kama mtu anayeonja dawa. Bibi alicheka hadi akashika ubavu. Mtani akamuuliza, kupitia kwangu, yeye mtani wake ni nani. Bibi akajibu kwamba hana.

"Basi mtani wako ni mimi," mtani akasema. "Mtu atazikwaje bila mtani?"

Nilitafsiri hilo nalo. Bibi akamshika mkono, na siku hiyohiyo akampa sehemu ya mjane ambaye mahindi yake yameliwa na ng'ombe, sehemu ambayo kila mtu, mimi wa kwanza, alijua ni yangu. Mimi akaniweka akiba. Nadhani aliona ananipa heshima, maana yeye alianzia hapohapo. Nilijikaza kisabuni, nikashukuru. Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba yule mwanamke wa Zombo ananuka moshi, jambo ambalo si kweli.

Nikakariri maneno ya mjane yote. Nikaomba mafua, nikaomba hata mguu uteguke. Mungu anisamehe, niliomba nikiwa juu ya mkeka wa swala.

Siku ya onyesho kulikuwa na msiba Zombo, kwa watu wa kabila letu waishio huko, na mtani alikwenda alfajiri, kwa kuwa mtani hakosi kwenye maziko. Saa tano nilikuwa na bibi peke yetu katika darasa tulilolifanya chumba cha kuvalia, simu yangu ikaita.

"Mwalimu, mwambie bibi tunazika saa saba. Saa tisa nitakuwa hapo. Mnisubiri kidogo."

Onyesho lilikuwa saa nane. Wageni wa Mikumi wangesubiri saa moja bila kunung'unika, tumezoea. Bibi akaniuliza amesema nini. Nikakohoa kidogo, nikasukuma miwani, nikamwambia amesema hatakuja.

Bibi alinitazama kwa muda. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kuonja dawa, "Haya. Vaa."

Nikavaa khanga za mjane, na niliigiza vizuri. Sitajifanya mnyenyekevu, wanawake wa mstari wa mbele walilia. Katikati ya mchezo nilimwona mtani mlangoni, vumbi la bodaboda usoni, koti la marehemu wa Zombo bado mwilini. Alisimama hadi mwisho, akapiga makofi. Nilimwendea nikamwambia bibi amekataa kusubiri. Alisema, "Sawa, mwalimu," akaanza kukunja mavazi.

Mwaka uliofuata bibi alirudi kwao kwa matibabu, akafia huko. Binti yake akatuita Mikumi. Barazani aliweka picha ya mama yake kijana amevaa taji, na fimbo aliyokuwa ameiacha. Tulikaa mikekani tukinywa chai, hadi mtani alipotokea ndani amejifunga shali ya bibi.

Aliinua shingo. Binti alishika mdomo kwa mikono miwili. Mtani alitembea, alikaa, aliweka mguu juu ya kigoda, alionja marahaba, na watu walicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akauliza kwa sauti ya bibi, "Amesema nini?" Akaruka upande wa pili, akakohoa kidogo, akasukuma miwani ambayo hakuwa nayo, akajibu kwa sauti yangu, "Amesema hatakuja."

Walicheka zaidi, maana nilikuwa mimi mtupu. Hawakujua kitu. Mtani akarudi kwenye kigoda, akanitazama kwa muda, akasema polepole, "Haya. Vaa."

Maneno yale tuliyasikia watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa ameshazikwa. Kumbe bibi alijua tangu mle chumbani, na alimwambia mtani wake, kwa Kiswahili chake hichohicho, kabla hajaondoka.

Mtani hakasirikiwi msibani, ukikasirika umejifunga mwenyewe. Nikacheka na wenzangu. Ningependa kusema kwamba nilichokisikia moyoni ni aibu, nayo ilikuwapo. Lakini kilichotangulia ni wivu, uleule. Aliniiga vizuri kuliko nilivyowahi kumwiga mtu yeyote katika miaka yangu yote ya maigizo. Nikampigia makofi, kama alivyonipigia yeye pale mlangoni.