Alama ya Kibangwa Kwenye Nta

Kila mwaka joto la mwezi wa kumi likianza, sanduku langu la bati linanuka nta. Wajukuu wanasema bibi kaficha asali. Sijaficha asali. Mna bonge la nta la ukubwa wa kiganja, na katikati lina alama ya duara, kama vile mtu amegandamiza kitako cha kikombe. Nimelitunza tangu nina miaka kumi. Nawaambia ninyi lilikotoka, maana nikifa hawa watalifanya mshumaa.

Tulikaa porini, upande wa Sikonge, nyumba tatu tu. Babu yangu Mgalula alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilitapakaa pori zima, lakini mmoja, uliotundikwa kwenye myombo nyuma ya nyumba, hakuurina hata siku moja. Mingine aliifukizia moshi, huo akaupita. Ukimuuliza, anasema nyuki wa pale ni wakali. Uongo mtupu. Nyuki wa pale walikuwa wapole kuliko Bibi.

Halafu kulikuwa na habari ya chungu. Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka asali ya kwanza ikulu kwa mtemi, na aliyeibeba ni binti wa nyumba. Bibi alinisindikiza mpaka mtoni akaishia hapo, kwa sababu watu wazima wa kwetu walikatazwa kuvuka ule mto. Mimi nikaendelea peke yangu mpaka njia kuu ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe zao kwenda pwani. Ikulu ilikuwa kando yake. Napiga magoti, mzee wa baraza anatazama chungu, anasema, "Cha Mgalula hicho. Rudisha."

Wasichana wa ikulu, wamejipaka mafuta, shanga shingoni, wakawa na la kusema. "Asali ya wezi imekuja kutembea."

"Muiache ipumzike kidogo, bado ina safari ya kurudi."

Miaka miwili nilirudi nayo kichwani, machozi yakishindana na jasho. Nikamwambia Babu tusipeleke tena.

"Isipokwenda tumekubali kuwa sisi ni wezi," akasema. "Ikirudi, irudi. Lakini iende."

Wezi wa nini? Hakuna aliyenijibu.

Mwaka wa tatu, Babu akiwa kambini porini na warina wenzake, upepo ulivunja tawi la ule myombo na mzinga ukaanguka, ukapasuka. Nyuki walikwisha kuhama. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza, na nilikula asali mpaka tumbo likanisokota. Ndani kabisa, katikati ya nta, kidole changu kikagusa kitu kigumu. Nikakibandua. Kilikuwa kipande cha duara cha gamba la simbi ya bahari, cha rangi ya jino la mzee, kina tundu katikati. Nikakificha chini ya mkeka wangu.

Babu aliporudi na kuuona mzinga chini, alitua mzigo pale pale. Alipiga magoti akapekua magome, akapekua majani, akapekua mpaka mchanga, kama mtu aliyedondosha sindano. Siku tatu. Nilimwona. Nikanyamaza, nikiogopa fimbo ya kula asali bila ruhusa. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Siku ya kupeleka chungu nikakitia uzi kile kitu, nikakivaa ndani ya kanga. Nilitaka wale wasichana waone kwamba na mimi ninacho cha shingoni.

Mtemi mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani, kavaa koti la kizungu. Nilipopiga magoti, nikailegeza kanga makusudi. Bikizee mmoja aliyekuwa anapeta mahindi akasimamisha ungo. Akauweka chini, akapiga magoti, akaanza kupiga makofi taratibu, vile anavyoamkiwa mtemi. Akafuata mwanamume aliyekuwa anaziba pancha ya baiskeli. Kisha wazee wote wa baraza. Wale wasichana hawakujua kitu, lakini walipoona bibi zao wako chini, na wao wakashuka. Mimi nikageuka nyuma nione ni nani anayekuja. Hapakuwa na mtu.

"Njoo, binti," mtemi akaniita, kwa sauti ya upole. "Hicho umekitoa wapi?"

"Kwenye mzinga wa babu," nikasema. Halafu nikakumbuka adabu. "Shikamoo."

Akakivua shingoni kwangu akakiweka sambamba na cha kwake kilichokuwa kifuani. Cha kwake kilikuwa cheupe kama kikombe kipya.

"Pokeeni asali," akasema.

Nilikimbia njia nzima. Babu alikuwa anachonga mzinga mpya. Nikamweleza yote, kwanza asali, halafu kile kitu. Tezo ikatulia mkononi mwake.

"Walipiga makofi?"

"Walipiga."

"Nani alianza?"

"Bikizee mmoja, alikuwa anapeta."

"Aliamriwa?"

"Hakuna aliyesema neno."

Babu akacheka, nikafikiri anafurahia asali yetu kupokelewa. "Kaoge," akasema, "umejaa vumbi."

Asubuhi yake walikuja matarishi wawili wa mtemi na kamba. Babu alifungwa Tabora. Aliporudi alikuwa anakohoa, na hakuona mavuno mengine.

Baada ya kumzika ndipo Bibi aliponiambia. Baada ya ile vita ya kwanza ya wazungu, kabla ya ile ya pili, mtemi wetu mkongwe alifariki. Kwetu kiti kilirithiwa na mtoto wa dada, si mtoto wa kuzaa. Lakini mzungu wa boma alimtaka mtoto wa kuzaa, kwa kuwa alisoma shule na angewatoa watu kulima barabara bila kubisha. Babu ndiye alikuwa mtunzaji wa kibangwa, ile simbi ya utemi, iliyobebwa na wapagazi wetu kutoka pwani. Yeye na wenzake sita wakapatana: siku ya kutawaza, kibangwa kisionekane, mpwa ajitokeze baadaye amekivaa, watu watamfuata. Walidhani bila kibangwa hakuna mtemi. Mzungu alipoambiwa kwa nini watu wamezubaa, alimtuma mtu dukani mjini, kikanunuliwa kingine. Mambo yakaisha. Mpwa alipowaona askari alitoroka na hakuonekana tena. Wale saba walichapwa viboko mbele ya wake zao, wakafukuziwa porini. Wanaume saba waliokuwa tayari kufa, wakashindwa na muuza duka.

Miaka mingi nilijiona nimemuuza Babu kwa mkufu. Uhuru ulikuja, utemi ukaondolewa, kibangwa sijui kiko wapi. Ni mpaka nilipokuwa bibi mwenyewe ndipo nilipoyaelewa maswali yake. Miaka yote ile aliambiwa kwamba watu wamekubali, wameshasahau. Alikuwa hajapata wa kumwuliza. Alikwenda gerezani na jibu lake, na mimi ndiye niliyempa. Lakini kifua kilichomuua ni mimi pia niliyempa, na sitaki mtu aniambie sivyo.

Bonge hili ni ile nta iliyokizunguka. Kila kiangazi duara linazidi kufifia. Zamani ncha ya kidole ilizama, sasa lazima ulielekeze kwenye mwanga. Tangu juzi sanduku limeanza kunuka. Nimelisogeza mbali na dirisha.