Lori la Mama Kesho

Siku Mama Kesho alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza, alitazama kila kitu isipokuwa alichokitaka. Hapo hapo nikajua nimepata mtu. Mnunuzi mjinga huiendea bidhaa moja kwa moja na kuikumbatia kama mtoto aliyepotea akapatikana. Mjanja huizunguka. Huyu aliyazunguka mafriji yangu ya mtumba, akaziponda pasi, akayacheka makochi, akauliza bei ya kabati ambalo hata mlangoni kwake lisingepita. Kisha, kama mtu aliyekwisha kuaga, akasema:

"Na hicho kidude cha kuongelea, hicho chenye sifongo kichwani, unakitupa lini?"

"Hicho ni kipaza sauti, dada. Kimetoka studio."

"Ndiyo maana kimechoka. Kimeimbiwa sana."

Tukavutana mpaka wateja wengine wakavuta viti kutusikiliza. Mwishowe akaondoka nacho kwa ahadi ya kunishonea mapazia ya duka, maana alikuwa fundi cherehani, mashine yake ikikaa kwenye baraza ya jengo la jirani. Jina lile la Mama Kesho hakulipata kwa kuzaa. Alipewa na wateja. Ukimuuliza nguo yako, iwe suruali ya kupunguza au gauni la harusi, jibu lilikuwa moja tu, na alilitoa kwa tabasamu tamu hata ukasahau kwamba hata jana alikwambia hivyo hivyo. Mapazia yangu niliyapata nilipokwisha kuyasahau.

Alipoyaleta nikamuuliza, "Cherehani na kipaza sauti, wapi na wapi?"

Akaniambia bila haya. Alikuwa anacheza gemu la malori kwenye kompyuta aliyoachiwa na mpwa wake. Anaendesha huku anasimulia, anajirekodi, uso wake ukionekana kwenye kona ya picha, kisha anaiweka video mtandaoni.

"Maisha yangu yote nawashonea madereva," alisema. "Wananiachia suruali zilizochanika na hadithi za milimani. Usukani wenyewe sijaugusa. Sasa nimeugusa, shemeji yangu ananipigia kelele kwamba simsikii."

Aliishi kwa dada yake, katika nyumba ambayo televisheni haizimwi na mume hanyamazi. Alitaka chumba cha kufunga mlango, basi. Na nyuma ya duka langu kulikuwa na stoo, nusu tupu, ambayo nilikwisha kuipangia mafriji yatakayofika.

Mimi sitoi kitu bure, lakini dau silikatai. Nikamwambia, "Kaa mpaka shule zifunguliwe. Ukipata wafuasi mia kwenye hiyo chaneli yako, chumba ni chako mwaka mzima, mafriji yangu yatalala barazani. Usipopata, unatoka, na makochi yangu yote unayavisha vitambaa vipya bila malipo."

"Na ndugu zangu wakinifuata?"

"Ndugu hawahesabiwi."

"Hata shemeji?"

"Huyo ndiye hasa."

Akanipa mkono. Mkono wa fundi ni mgumu kuliko unavyodhani.

Video ya kwanza niliitazama nikiwa nimeegemea friji, na nilifurahi sana, maana ilikuwa mbaya. Mwanamke aliyekicheka kipaza sauti changu mpaka nikakiachia kwa mapazia, alipokaa mbele yake aligeuka mtangazaji wa vifo. "Mabibi na mabwana, wapendwa watazamaji, ni furaha isiyo na kifani kuwakaribisha katika chaneli yetu..." Salamu zile zilikwenda mpaka lori likazimika lenyewe. Lilipowaka, ngurumo ya injini ikamfunika. Injini iliponyamaza, naye akanyamaza, akawa anaendesha kimya kama amenuniwa. Na chumba kizima kilikuwa na mwangwi. Mtu mmoja aliandika chini yake: "Dada, toka kwanza kisimani." Mwingine aliandika "Hongera sana, Mungu akuinue." Huyo alikuwa kaka yake. Hakuhesabiwa.

Akaja kaunta uso umemshuka. "Tajiri, sema kweli. Ina kasoro gani?"

Ningenyamaza, chumba kingekuwa changu. Lakini ulimi wa biashara hauna breki. "Mteja akiingia hapa simsimulii friji lilizaliwa wapi. Namfungulia mlango, baridi impige usoni. Wewe unamsalimia mtu mpaka anazeeka. Halafu hiyo injini ipunguze sauti, haikulipi kodi. Na huo mwangwi unatoka kwenye kuta tupu. Zifunike. Nina magodoro yaliyotumika kidogo tu."

"Kidogo na nani?"

"Na watu wasafi."

"Nitafikiria," akasema, na kwa mfanyabiashara neno hilo lina maana ya kwamba hununui.

Hakununua. Ajabu ni kwamba video iliyofuata ilisikika vizuri, sauti imekauka na kukaa karibu na sikio. Salamu zilikuwa bado ndefu, maneno bado yamevaa tai, ila kisima kimekwisha. Nikaenda stoo kuchungulia. Kuta zote nne zilivaa nguo. Suti, sare za shule, makoti, na katikati gauni la zambarau lenye mikono ya lesi. Zote zimeshonwa, zimepigwa pasi, zimetimia. Ndizo zile zile ambazo wenyewe waliambiwa asubuhi ile kwamba bado vifungo, bado pindo, waje kesho.

Fundi gani mwingine angefanya kosa kama hilo? Kuficha nguo za watu ni kawaida ya kazi. Kuzificha mbele ya kamera!

Nami gauni lile nililijua. Nesi wa zahanati ya mtaa wetu alikuwa amelililia mbele ya kaunta yangu wiki nzima, kwamba dada yake anaolewa na yeye hana nguo. Basi alipokuja kutafuta birika la umeme, nikamwekea simu mbele yake kwa upole.

"Nesi, wewe unapenda gemu? Hebu tazama huyu dereva."

Akatazama. Akaisogeza simu karibu na macho. Birika likabaki kaunta.

Nilipiga hesabu yangu vizuri. Nesi atachukua gauni, kelele zitawaita wengine wachukue yao, kuta zitabaki uchi, kisima kitarudi. Nikamwonyesha mlango wa stoo, nikamfuata nyuma ili nisikose kitu.

Mama Kesho alikuwa katikati ya kurekodi, lori limejaa vioo, linateremka mlima wenye kona kama utumbo. Ukisimama pale, safari nzima inaanza upya. Nesi akafungua mlango kwa kishindo.

"Gauni langu liko wapi?"

Mama Kesho hakugeuka. "Dada yangu, lako nimeshalikata, limebaki kidogo tu..."

"Limebaki nini? Si hili hapa nimeliegemea!"

"Aa, hilo. Hilo nalipumzisha. Lesi ikitoka kwenye pasi haitaki haraka... ngoja, kona!"

"Muongo mkubwa we! Dada yangu anaolewa Jumamosi mimi nivae shuka la wodini?"

"Ungependeza. Nyamaza kwanza, hapa breki zimepata moto. Hapa ndipo dereva mmoja aliniachia suruali nusu, nusu nyingine ilibaki kwenye mwiba. Shikilia, shikilia..."

"Punguza mwendo! Kuna gari mbele! We mwanamke, punguza!"

"Si uniache niendeshe?"

"Nikuache? Mkishawaangusha watu si mnaniletea mimi niwashone!"

"Kumbe na wewe fundi! Wateja wako huwaambii kesho?"

"Wangu nikiwaambia kesho hawafiki!"

Mama Kesho akacheka mpaka akapanda ukingo wa barabara. Nesi akapiga yowe, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, gauni kifuani, na hakuinuka mpaka vioo vilipofika salama. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimesahau kwamba nilikuja kushangilia.

Aliona aibu, alitaka kuifuta ile video. Lakini shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na hakuwa na nyingine. Basi akaishughulikia kifundi. "Nguo ndefu inapunguzwa chini," aliniambia. "Hii naipunguza juu." Akakata salamu yote, tangu mabibi mpaka mabwana, video ikaanza pale mlango ulipobamizwa na mtu akauliza gauni lake liko wapi.

Wafuasi mia walitimia kabla shule hazijafunguliwa na kabla mafriji hayajafika. Nikajaribu la mwisho. "Hao wamemfuata nesi. Hawakukufuata wewe."

"Sawa," akasema. "Na nesi nani alimleta?"

Nikaenda kufagia baraza. Mafriji yalipofika, yakalala huko.

Wateja wengine nao walikuja kuchukua nguo zao, kama nilivyotabiri, na kuta zikabaki uchi. Akanunua magodoro yangu, kwa bei yake, huku akiyanusa moja moja mbele za watu. Nesi amepata gauni, na tangu harusi ile kila akiwa na mapumziko huja kuketi kwenye ndoo yake na kumfokea dereva. Mimi nimepoteza stoo, ila wanaokuja kuiona ile ndoo hupita kwenye pasi zangu, na wengine hununua. Mama Kesho amepata mlango wa kufunga, akapoteza neno lake, maana siku hizi akilitamka tu, mteja anatoa simu na kuangalia nyuma yake kwenye video kuna nini.

Neno hilo limebaki la kuniambia mimi peke yangu. Nimempa kazi ya vitambaa vya makochi, kwa malipo kamili, kwa kuwa kwenye dau nilishindwa mimi. Jana nilimuuliza vimefika wapi. Akatabasamu.

Nimeanza kuzitazama video zake zote, ukuta kwa ukuta.