Mume Wangu Alikaa Kundi la Wanawake

Mimi nimeolewa na mwanamke. Watu wa mbali nikiwaambia hivyo wananikodolea macho, wanafikiria mambo yao. Hapana jamani. Huku Mara, mama aliyezeeka bila mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti. Binti anazaa na mwanaume anayechaguliwa, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama. Tunaita nyumba ntobu. Mimi nilitolewa kwetu Guta, kwa wakulima wa pamba, nikaletwa huku Butiama kwa mjane mmoja mwenye ng'ombe wengi na nyumba isiyo na mtu. Namwita Mama, na watoto wangu wanamwita Bibi, lakini mbele ya ukoo yeye ndiye mume wangu, na kwetu mke hapingi neno la mume mbele za watu.

Sikuwa na kitu changu pale isipokuwa bonde. Kule chini, karibu na majimaji ya mto, kulikuwa na kipande ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu ya mbu na matope. Nikakilima mwenyewe. Nyanya, mchicha, vitunguu vya kiangazi. Hata mvua ilipoanza kutucheza shere, mahindi ya juu yanakauka yakiwa kimo cha goti, bonde langu lilikuwaga kijani. Nilikuwa napakia matenga kwenye pikipiki, nauza Musoma. Binti yangu mkubwa alisoma kwa bonde hilo. Nilikuwa namwambia, wewe utasoma mpaka ushindwe mwenyewe, hakuna mtu atakayekutolea ng'ombe hapa.

Ndipo wakaja watafiti. Mabadiliko ya tabianchi, wakasema. Mto unakauka, bonde linabidi lipumzishwe, unaandaliwa mpango, na safari hii mpango usimwonee mtu. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja wa makamo, mpole, ana miwani, anakaa na sisi kwenye mkeka bila kujidai. Alisema neno haki mpaka nikaanza kuliamini.

"Wanawake ndio mnaolima bonde," akasema, "lakini mbele ya waume zenu hamsemi. Kwa hiyo leo wanaume watakaa kule, ninyi mkae hapa, mjiachie."

Tukajitenga kweli. Mume wangu akaja akakaa ubavuni kwangu, akanyoosha miguu kwenye mkeka.

Mungu wangu! Kila mtu pale alijua. Mtendaji wa kijiji alijua, wanawake wote walijua. Hakuna aliyeona ajabu, maana Mama ni mwanamke, akakae wapi tena? Yule dada ndiye hakujua, na hakuna aliyewaza kumwambia.

Mama akaanza kusema, kwa kuwa ndiye mkubwa. Akasema bonde lifungwe, ipandwe miti, na huko juu lichimbwe lambo la kunyweshea ng'ombe. Simlaumu sana. Kiangazi kilichotangulia nilimkuta zizini amepakata kichwa cha ndama anayekufa, analia kama amefiwa na mtu. Ng'ombe ndio uzee wake. Wengine wakaitikia, na dada akanigeukia mimi.

"Na wewe mdogo wangu, unasemaje?"

Maneno nilikuwa nayo, tena mengi. Nikasikia goti la Mama limegusa langu, sijui kwa makusudi au alikuwa anajinyoosha tu.

"Mama ameshasema," nikajibu.

Dada akatabasamu, akaandika. Nadhani aliona tunavyopendana.

Mrejesho ulifanyika Musoma, kwenye ukumbi mmoja pale Mwisenge, feni zinazunguka na maji ya chupa mezani. Nilimsindikiza Mama. Ukutani wakaonyesha picha yetu kwenye mkeka, mimi nimeinamisha kichwa, na chini yake maneno kwamba wanawake wa kijiji chetu kwa kauli moja wameridhia bonde lifungwe. Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga. Nilitaka kusimama niseme waongo wakubwa nyie, lakini Mama alikuwa ubavuni kwangu.

Wakati wa chakula dada akaja kukaa na mimi. Mama alikuwa ameenda kunawa, kwa hiyo nikasema haraka haraka.

"Yule mama niliyekaa naye siku ile ndiye aliyenioa."

Kijiko kikasimama hewani. Nikamwona anaelewa, kidogo kidogo, mpaka machozi yakamlenga.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza, dada. Na lile bonde ni langu. Ndilo linalosomesha mtoto wangu."

Akanishika mkono. Akasema mpango umeshapita huko juu, lakini hili alilolisikia ni jambo kubwa, lazima atarudi.

Na kweli alirudi. Alikuta bonde limeshawekewa vigingi, nyanya zangu zimeng'olewa zikiwa na maua. Lambo lilikuwa limechimbwa, na ng'ombe wa Mama walikuwa wamenenepa. Binti yangu aliishia kidato cha pili, akarudi nyumbani, akawa anawapeleka ng'ombe lamboni. Mama alikuwa ameshatuambia kwamba kuna mama mmoja huko Bunda, hana mtoto wa kiume, na anamuulizia.

Safari hii dada aliniweka peke yangu, Mama akiwa mbali, kinasa sauti mezani. Nikasema leo ndiyo leo. Weee! Aliniuliza nilitolewa ng'ombe wa namna gani, nani alinichagulia mwanaume, kama Mama ananipenda, kama ananipigaga. Nikajibu vyote. Mwishoni nikamuuliza mimi.

"Na bonde?"

Akatazama chini. "Utafiti huu ni wa ndoa, mdogo wangu. Bonde lilikuwa mradi mwingine."

Nilicheka, jamani. Kulia mbele yake nilikataa.

Kabla hawajaondoka wakaita kundi la vijana, eti nao wasikike. Binti yangu akaenda. Mama hakuwemo kwenye kundi lile, wala mimi, wala mkubwa yeyote. Nilikaa jikoni nikipuliza moto, roho yote iko kule. Huyu atasema, nikawa najiambia. Huyu ana mdomo, alikuwaga anabishana hata na mwalimu wake wa hesabu. Atamtaja huyo mama wa Bunda na watamsikia.

Akarudi na soda mkononi.

"Wamekuuliza nini?"

"Nataka nini kwenye maisha yangu."

"Ukasemaje?"

Akaninyooshea ile soda, ilikuwa bado nusu.

"Nimewaambia Bibi ameshasema."