Niliomba Ukuta, Nikapewa Kabati

Niseme kwanza: nilimuomba bwana yangu ukuta ndani ya gari letu. Sikumuomba kabati. Sikumuomba viti vya sponji wala balatum ya maua mekundu ya kutandika chini. Ukuta! Nilimuomba mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na mwiko wa bugali mukononi, naye akacheka tu.

Gari lenyewe ni kamio ndogo yenye sanduku la bati nyuma. Zamani ilikuwa ikibeba dawa. Bwana yangu ni seremala. Anatengeneza madawati ya shule na milango ya makanisa na misikiti, leo Nyangwe, kesho kutwa Lusangi, na alichoka kulala kwa watu juu ya mikeka yenye kunguni. Akainunua ile kamio, akatoboa dirisha ubavuni, akaweka kitanda cha kukunja, benchi lenye kifuniko, mahali pa mbabula, jiko la makaa, karibu na mulango wa nyuma, na bidon ya maji yenye robine ya kufungulia. Likizo kubwa tunapanda wote, yeye, mimi na binti zetu wawili. Watu wa Kasongo wanatuita konokono. Nyumba ile niliipenda, siwezi kusema uongo.

Lakini bwana yangu hawezi kuacha kitu kilichotulia. Mwaka jana akasema kule nyuma hewa haiko. Akachukua musumeno wa chuma, akakata ukuta wote wa bati kati ya kiti cha dereva na nyumba, ikawa chumba kimoja tangu usukani mpaka mulango wa nyuma. "Saluni," akasema, mikono kiunoni. Nikamuambia, sawa, saluni, siku moja tutaona.

Siku yenyewe ikafika. Mama yangu anakaa Kabambare, kwenye kiwanja cha wazazi wake. Macho yake yalishikwa na mutoto wa jicho, moja kwanza, kisha la pili, na kwa miaka miwili alikuwa haoni kitu isipokuwa mwanga wa mulango. Tukasikia redioni kwamba munganga wa macho anakuja Kasongo kwa juma moja tu. Kabambare watu wanasafiri kwa pikipiki, lakini mama aliwahi kuanguka nayo kilimani na nyonga yake haikupona vizuri. Nikamuambia bwana yangu, "Baba watoto, twende tumuchukue mama kwa gari. Lakini kwanza rudisha ukuta."

Mwenye kutoka mbali labda haelewi. Kwetu mwanaume na mama wa muke wake hawaangaliani uso. Hawali pamoja, hawalali chumba kimoja. Wakikutana njiani, mama anageuza uso pembeni na mukwe anapita upande wa pili. Si chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote, na bwana yangu anaijua tangu utoto wake.

Basi nikarudi kutoka sokoni nikamukuta kwenye kamio anaimba. Amesimamisha kabati! La mbao nzuri ya libuyu, limepigwa varnishi, tangu sakafu mpaka dari, milango mitatu, na ndani kila kikombe kina tundu lake kisianguke njiani. Nikaangalia mbele. Usukani ulikuwa unaniangalia vilevile.

"Na ukuta?"

"Mama yako haoni," akasema. "Ukuta wa nini?"

Yoo! Ile neno ilinichoma. Ningekuwa na nguvu ningelibeba lile kabati ningelitupa nje vilevile, na vikombe vyake. Kumbe mutu akipoteza macho, heshima yake nayo imekwisha? Nilikaa siku nzima bila kumusemesha, na yeye akadhani nimekubali, akaongeza kioo kidogo juu ya mulango wa katikati wa kabati.

Tukaondoka. Usiku wa kwanza tulisimama kwenye kiwanja cha shule, bwana yangu akashusha ngazi, mimi nikawasha mbabula. Watoto wa kijiji wakajaa mulangoni, wakahesabu vikombe kwa sauti. Kisha akaja muke wa mwalimu mukuu, amekunja uso. "Munalala mu gari," akasema, "kwani sisi tumekufa?" Akaondoka, akarudi na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo na bugali ya moto, akaviweka chini bila kutuangalia. Nikaona haya mpaka masikioni. Bwana yangu alikula vizuri sana.

Kabambare tulifika kesho yake. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amevaa vitenge viwili vya safari, fimbo magotini. Kabla hata ya kunisalimia akauliza, "Mutu wako iko wapi?"

"Iko kwa gari, mama, anaangalia mupira wa gurudumu."

"Upande gani?"

"Upande wa njia."

Akageuka kidogo, lakini uso ukaelekea palepale kwenye njia. Wasichana wa jirani wakaziba midomo wakicheka. Niliwatolea jicho wakanyamaza. Mama akauliza tena, "Sasa iko wapi?" Na siku ile yote alikuwa anauliza hivyo, iko wapi, iko wapi, mpaka nikachoka. Nikajiambia, huyu mama uzee umemuingia.

Asubuhi iliyofuata tukamupandisha. Akapapasa benchi, akapapasa kabati, akasifu: "Mbao laini." Akaendelea mbele na mukono wake, mbele, mbele, mpaka akashika usukani. Akasimama hapo. Kisha akarudi nyuma polepole, akashuka ngazi bila kushikwa, akaketi kwenye kigoda.

"Muambie mutu wako," akasema, na bwana yangu amesimama hatua sita kutoka pale, anasikia yote, "kwamba gari ni zuri. Lakini mimi siwezi kulala chumba kimoja na mukwe."

Nikamubembeleza. Nikamuambia nitafunga kitenge katikati. Akasema, "Kitenge si ukuta. Upepo ukipiga, kinafunguka, na mimi nitajuaje?" Nikamuambia munganga anabakiza siku tatu. Akasema anajua kuhesabu. Mwisho tukapatana: muchana atasafiri nasi, kwa maana njia ni ya watu wote, akiwa ameketi nyuma kabisa na kichwa kimefunikwa, usiku atalala kwa watu Lusangi, kwenye nyumba ya udongo yenye kuta nne.

Lusangi hatukufika. Mvula ilitukamata njiani, ile mvula inayoanguka kama mutu anamwaga debe, na tulipofika kwenye muto mudogo tukakuta maji yamepanda juu ya miti ya daraja. Mbele maji, nyuma matope, na nyumba hata moja haiko. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Bwana yangu akazima mutambo akasema tungoje mpaka asubuhi.

Mama akasikia. Akachukua mukeka wake, akashuka.

"Mama! Mvula!"

"Naisikia."

Akaenda akaketi chini ya bashi, turubai ambayo bwana yangu alikuwa amefunga ubavuni mwa kamio, pale tunapopikia. Ile bashi inatosha sufuria, haitoshi mutu. Maji yalikuwa yanamupiga magoti. Binti yetu mudogo akaanza kulia. Bwana yangu akatoka akasema mimi nimuambie mama arudi ndani, yeye atalala chini ya gari. Mama akajibu, mimi bado sijafungua mudomo: "Muambie, mukwe wangu alale kwenye matope sawa mbuzi, mimi nilale juu yake kwenye sponji? Aka! Watu wa kwetu wakisikia watanizika mara mbili."

Hapo mimi nikalipuka. Ndiyo, nililipuka, na sioni haya kuandika. Nilisimama kwenye mvula nikamuambia mwanaume yule yote niliyoyafunga moyoni tangu Kasongo. Nikamuambia, "Una mikono ya fundi, kichwa huna! Muti wa kujenga vitanda vya vikombe uliupata, wa kumufunika mama yangu ukakosa! Vikombe vina nyumba, mama yangu hana! Munganga anaondoka kesho kutwa, na huyu akipata homa hapa, macho yake utayafungua wewe na varnishi yako?" Nilisema mengine ambayo watoto hawakupaswa kuyasikia. Asiyesikia la mukuu huvunjika muguu, lakini hapa muguu uliokuwa unataka kuvunjika ulikuwa wa mama yangu.

Bwana yangu akapanda ndani. Nikasikia kabati linalia: alikuwa anang'oa bawaba. Akatoa milango yote mitatu, na kile kioo juu ya wa katikati, akatoa rafu, akamwaga vikombe kwenye kitanda, akachukua musumeno. Nilikuwa nimetaka alipasue, lakini nilipoona libuyu ile inakatwa moyo ulinipiga kidogo. Nikajikaza. Nikamushikia taa, kwa hasira, lakini nikaishika.

Alipiga misumari nyuma ya kiti cha dereva kwa muda murefu. Mama alikuwa ameinua kichwa chini ya bashi, anafuata nyundo.

"Amefika wapi?" akauliza.

"Juu, karibu na dari."

"Muambie asiache tundu."

"Mama anasema usiache tundu!"

"Nimesikia," akasema, na misumari mudomoni.

Akaziba mpaka pembeni, na pale palipobaki nafasi ya vidole viwili akakata kipande cha balatum yake ya maua akakipigilia. Kisha akatoka, akazunguka, akaingia kwenye kiti cha dereva, akafunga mulango wake. Mama akapanda. Akapapasa ule ukuta kwa viganja vyote viwili, kona kwa kona, kama mutu anayenunua kitambaa. Akaweka sikio. Akagonga mara moja. Upande wa pili bwana yangu akakohoa. Mama akalala, na muda si muda akaanza kukoroma. Bwana yangu, murefu vile, alilala amekunja magoti kwenye kiti, na asubuhi shingo yake ilikuwa imepinda. Sikumuhurumia hata kidogo. Kazi aliyoifanya kwa taa, kwenye mvula, kwa mbao za kuharibu, ilimushinda nini kuifanya kwetu, kwenye karakana, kwa muchana mweupe?

Maji yalishuka. Tukavuka. Lusangi tulipita bila kusimama, na Kasongo tukaingia usiku. Siku iliyofuata, siku ya mwisho ya munganga, mama alikuwa mutu wa mwisho kwenye mustari. Nilimukalia karibu sawa askari. Mutu yeyote aliyejaribu kupenya mbele yetu alinitambua. Jua lilikuwa limeshuka kwenye madirisha walipomuita. Wakamufanyia operesheni jicho moja, la kuume, wakamufunga bandeji.

Asubuhi muuguzi akaifungua. Mama akapepesa. Akaniangalia. Akasema, "Umenenepa." Nikacheka na machozi palepale. Akawaita wajukuu, akawashika mashavu, mukubwa, mudogo, akasema mudogo amechukua paji la babu yake. Akaangalia mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, akaisikitikia.

Wakati ule bwana yangu akatokea mulangoni. Alikuwa amevaa shati lake la harusi, limepigwa pasi, na bakuli la uji mikononi. Namujua yule mutu: alikuja kuonekana. Baada ya matope yale yote na shingo iliyopinda, alitaka macho yaliyomugharimu kabati yamuone japo mara moja.

Mama akamuona. Nasema alimuona, kwa maana niliona jicho linamupiga tangu kichwa mpaka viatu. Palepale akavuta kitenge kichwani, akajifunika uso wote, akajigeuza kuelekea ukuta.

"Mama!" Nilipiga kelele mpaka muuguzi akashtuka. "Kabati limepasuliwa! Tumelala na mvula! Mutu amekunjika shingo! Yote hii ili uone, na kitu cha kwanza unafunika jicho?"

Mama akaongea akiwa ndani ya kitenge, na sauti yake ilikuwa ya furaha, sikuisikia hivyo kwa miaka.

"Mwanangu, miaka miwili yule mutu anaingia kiwanjani mwangu, mimi sijui kama iko mbele ao nyuma. Nageuza uso huku, kumbe namuangalia usoni. Wasichana wanacheka. Nikiuliza iko wapi, unakasirika. Asiyeona hana uso wa kugeuza. Leo nimemuona mulangoni, nimegeuka mimi mwenyewe. Acha nigeuke."

Nilikaa chini. Iko wapi, iko wapi: nilidhani uzee. Nilikuwa nimemujibu mama yangu kwa kuchoka, siku baada ya siku, na yeye alikuwa anatafuta upande wa kuweka heshima yake. Nilimukasirikia bwana yangu juu ya neno moja, na mimi je? Niliona haya mbele ya watoto wangu.

Bwana yangu alikuwa bado mulangoni. Alikuwa amesikia yote. Akaweka bakuli chini pale aliposimama, naye akageuka, akamupa mama mugongo, akatoka polepole. Nikamufuata mpaka nje, kwenye jua. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilimuonea huruma sasa, lakini si huruma ya kunifanya nimuachie.

"Umesikia ukuta ulikuwa wa nini?" nikamuuliza.

"Nimesikia."